Mafuta ya mimea yaweza kulisaidia ini la kuku, lakini si kabla ya kupunguza chakula

MFUGAJI anapomkuta kuku wake mnono kuliko wote, aliyetaga jana, amelala chini amekufa bila dalili yoyote, hushuku kwanza kideri au sumu. Lakini kideri hakichagui walionona. Kuku huyo akipasuliwa, ini likaonekana limevimba, lina rangi ya manjano, linavunjika vidoleni, na pande la damu limeganda tumboni, basi huenda ameuawa na mafuta yake mwenyewe.

Ugonjwa huu wa ini kujaa mafuta na kuvuja damu ulielezwa na wataalamu wa Marekani katika miaka ya 1950, wakati ufugaji wa vizimbani ulipokuwa ukienea. Mara nyingi hauui zaidi ya kuku 5 katika kila 100. Hasara ni kwamba wanaokufa ndio watagaji hodari, na wanaobaki hupunguza mayai huku vilemba vyao vikipauka.

Mazingira ya Galu, kusini mwa Diani katika Kaunti ya Kwale, yanaukaribisha. Hoteli za ufuoni zinahitaji mayai, kwa hiyo mfugaji humshindilia kuku chakula. Joto la kati ya Januari na Machi hupita nyuzi 30, na kuku aliyefungiwa katika joto hilo hahitaji nguvu nyingi za kujipasha mwili wala za kutembea. Akiongezewa machicha ya nazi, ambayo bado yana mafuta mengi, ziada yote huelekea mahali pamoja: kwenye ini.

Kwa ndege, ini ndilo kiwanda kikuu cha mafuta. Kiini cha yai kina takriban gramu 5 za mafuta, na karibu yote hutengenezwa katika ini, kisha husafirishwa kwa damu hadi kwenye ovari. Homoni za utagaji huamrisha kazi hiyo iendelee bila kupumzika. Chakula cha wanga kikizidi, au virutubisho vinavyosaidia usafirishaji kama kolini na methionini vikipungua, mafuta hubaki ghalani. Katika kuku mgonjwa, mafuta yaweza kupita asilimia 40 ya uzito wa ini lililokaushwa. Mishipa hudhoofika, na siku moja kuku akijikamua kutaga, ini hupasuka.

Hapa ndipo mafuta ya kunukia yanapoingia. Tangu Umoja wa Ulaya upige marufuku dawa za kuua bakteria zilizotumiwa kukuzia mifugo, kuanzia Januari 2006, watafiti wengi wamegeukia timoli ya zaatari, kavakroli ya origano na yujinoli ya karafuu. Katika majaribio kadhaa viungo hivi vimesaidia kuzuia mafuta ya ini yasichachuke na kuharibu chembechembe zake, vimechochea nyongo na, katika baadhi, vimepunguza mafuta yanayolundikana. Matokeo hayafanani: mmea, kipimo na umri wa kuku hubadilisha jibu.

Malighafi si ngeni kwetu. Mchaichai na mrihani huota uani, na ng'ambo ya bahari, huko Wawi kisiwani Pemba, kiko kiwanda cha makonyo kinachokamua mafuta ya mikarafuu kwa mvuke. Lakini jani la mrihani si sawa na mafuta yake. Mafuta yaliyokamuliwa ni makali mno. Katika majaribio hutiwa kwa miligramu, makumi au mamia machache tu kwa kila kilo ya chakula. Anayemimina kwa kijiko huchoma koo na utumbo wa kuku, na yujinoli ikizidi hudhuru ini lile lile lililokusudiwa kuponywa. Tena hayachanganyiki na maji: yakitiwa kwenye chombo cha kunyweshea hujitenga, kuku mmoja akayanywa mengi. Afadhali yaliyokwisha kuchanganywa kiwandani, yenye kipimo kilichoandikwa, na yahifadhiwe mahali pa baridi kwa kuwa huyeyuka hewani.

Hata hivyo, mwenye fedha chache asianzie kwenye chupa. Apime kwanza uzito wa kuku kadhaa kila wiki. Waliozidi kiwango cha aina yao kwa asilimia 20 wamo hatarini. Gramu 110 hadi 120 za chakula cha watagaji kwa siku humtosha kuku mmoja. Machicha yapunguzwe, banda lipitishe upepo, na kolini na vitamini E viongezwe kwa ushauri wa daktari wa mifugo.

Pia kuna mwigaji wa kuogopwa. Sumukuvu ya mahindi yenye ukungu nayo hulipausha ini la kuku na kulijaza mafuta. Ndiyo sumu iliyoua watu 125 mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui. Unyevu wa pwani huukuza ukungu upesi, na hakuna mafuta ya karafuu yatakayoyatakasa mahindi hayo. Kuku aliyekufa ghafla apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, kabla joto halijaliozesha ini, pamoja na konzi ya chakula alichokuwa akila.