Kwenda kwenye Mkutano wa Wanahistoria

Tukialikwa kwenye mkutano wa wanahistoria katika Yuniversite ya Lubumbashi, wengi wetu husema: «Mimi si profesa, nitasikiliza tu.» Sivyo. Anayekwenda mikono mitupu hurudi mikono mitupu.

Mwaka 1965 wazee waliokuwa maboyi katika nyumba za Wazungu waliandika kwa Kiswahili chao historia ya mji wetu, ambao wakati ule uliitwa Elisabethville. Mwandishi wao alikuwa André Yav. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliitoa katika kitabu, na wataalamu wa nchi za mbali wakaisoma. Wazee wale walileta yale waliyoyaona na kuyasikia.

Basi, tujitayarishe mapema. Kwanza, kwa ruhusa ya padri mkuu wa parokia, tufungue vitabu vya zamani vya ubatizo na ndoa. Humo tutaona wakristu wa kwanza walitoka vijiji gani, na mwaka gani. Tunakili yanayofaa, kitabu chenyewe kisitoke parokiani, wala siri ya mtu isitangazwe.

Pili, tumwulize mzee mmoja, tuandike maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe na mahali. Tusikawie: mchwa hula karatasi, na kifo hakingoji mkutano.

Tatu, tuchague swali moja la kuwauliza wataalamu.

Na tukirudi, tumweleze mzee yule tuliyojifunza. Habari ni yake.