Taa nyekundu imewaka: utengeneze haibridi yako kuukuu au uuze ununue nyingine?

Mmoja wa mawakala wetu yuko Kau, kule Tana Delta, karibu na mto. Dukani anauza unga, sukari na sabuni, na mbele kuna kidirisha cha kuweka na kutoa pesa. Floti ikiisha lazima aende Witu au Garsen, na akirudi hubeba bidhaa za duka humo humo kwenye gari. Gari lenyewe ni Toyota Aqua la mwaka 2013, alilonunua 2019. Jioni moja akitoka Garsen, taa nyekundu yenye umbo la pembetatu ikawaka na gari likakosa nguvu. Alifika nyumbani kwa mwendo wa punda.

Tunajua, wengi wakisikia haibridi hawafikirii Kau. Zamani huko ilikuwa bandari ya mto, watu na mizigo walipita kwa mitumbwi. Lakini barabara ya lami kutoka Minjila hadi Lamu ilipokamilika, magari madogo yalianza kuonekana, na Aqua hainywi mafuta sana. Kipande cha udongo kutoka Kau hadi kwenye lami ndicho kinacholiua gari, na tutarudi hapo.

Mama huyu alikuwa na shilingi 110,000 kwenye akiba aliyoifunga kwa simu. Kati ya hizo, 65,000 zilikuwa karo ya binti yake ya Januari. Kwa hiyo swali lake halikuwa la gari peke yake. Fundi wa kwanza aliyempigia simu alimwambia bila hata kuliona gari: "Mama, hiyo ni betri, tuma laki moja na sabini nikuagizie." Fundi wa pili akamwambia auze tu, yuko mtu wa kulichukua kama lilivyo kwa 430,000.

Alitupigia akiuliza kama anaweza kufungua akiba yake kabla ya muda. Tulimwambia anaweza, ila kwanza ajue anafungulia nini.

Taa hiyo haimaanishi betri kila mara. Gari la haibridi lina betri mbili: ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote, na kubwa ya kusukuma gari. Ndogo ikichoka, gari linaweza kukataa kabisa kuwaka, na hiyo unabadilisha kwa pesa za kawaida. Kuna pia pampu inayozungusha maji ya kupoza inveta. Ikifa, kompyuta hutoa kodi P0A93, nayo si kazi ya laki na nusu. Kodi inayolaumu betri kubwa ni P0A80. Kwa hiyo pesa ya kwanza kutoa ni ya kupimwa na kompyuta, na uandikiwe kodi kwenye karatasi. Mama alilipa 2,500 Malindi. Ilikuwa P0A80.

Hapo fundi alimwonyesha kitu ambacho hakukitarajia. Betri kubwa ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari. Kwa miaka mitano mama alikuwa akipanga magunia ya unga juu ya kile kiti. Feni ilijaa unga uliogandana na vumbi la njia ya Kau. Joto la pwani, tundu la hewa limezibwa, betri inapikwa polepole. Walisafisha kwa 3,500, wakafuta kodi, akarudi nyumbani akiimba. Siku ya tisa taa ikawaka tena. Hatusemi pesa ile ilipotea, maana hata betri mpya ingepikwa na feni ile ile.

Ndani ya betri hiyo mna moduli 20, kila moja volti 7.2, zimeunganishwa kwa mfululizo hadi volti 144. Moduli moja ikidhoofika inazivuta zote. Ndiyo maana utasikia mtu akikwambia atabadilisha "ile mbovu tu" kwa bei poa. Sisi tungekuwa waangalifu hapo, kwa sababu zile 19 zilizobaki zina umri ule ule, zimekula joto lile lile, na baada ya miezi michache unarudi kwa nyingine. Na tafadhali, usimruhusu fundi wa redio wa mtaani aifungue. Ukiona nyaya za rangi ya machungwa, huo ni umeme wa kuua.

Sasa hesabu. Mombasa mama alipewa bei mbili: 85,000 kwa betri iliyofufuliwa yenye dhamana ya miezi 6, na 175,000 kwa mpya yenye dhamana ya miaka miwili. Upande wa pili, akiuza kwa 430,000, Aqua nzima ya umri kama huo aliitiwa 780,000. Yaani aongeze 350,000, halafu apate nini? Gari lenye betri ya umri kama ile iliyomfia, iliyopikwa na mtu mwingine. Hili watu hulisahau. Ukibadilisha haibridi kuukuu kwa haibridi kuukuu, unanunua siri ya mwenzio. Kuleta changa kutoka Japani nako si rahisi: Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, na ushuru wa forodha ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023.

Je, Probox ya petroli? Haina betri kubwa, na njia ya Kau inaiweza. Mama huenda kama kilomita 200 kwa wiki. Aqua yake ikienda kilomita 20 kwa lita anatumia lita 10. Probox ikienda 13 itatumia zaidi ya 15. Kwa mafuta ya shilingi 185, tofauti ni karibu 1,000 kwa wiki, au 52,000 kwa mwaka. Betri ya 85,000 ingejilipa ndani ya miezi 20 hivi. Lakini kama wewe unaenda kilomita 50 kwa wiki, hesabu hii inageuka kabisa, na Probox inashinda.

Kuna hali moja ambayo hatuna mjadala. Kama gari liliingia maji hadi kwenye viti, kama yalivyoingia mengi Tana River katika mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya 2024, liuze kwa vipuri. Usilinunulie betri.

Mama alichagua iliyofufuliwa. Tungekuwa sisi na pesa mkononi, na gari tunataka kukaa nalo zaidi ya miaka mitatu, tungenunua mpya. Lakini yeye hakutaka kugusa karo wala kuchukua mkopo wa simu, na hapo tunamuunga mkono. Mkopo wa siku 30 haufai kwa kitu kitakachojilipa kwa miezi 20.

Malipo nayo yalikuwa na vituko. Gereji ilitaka 85,000 zote mbele, kwa namba ya mtu binafsi. Alipoiingiza, jina lililotokea halikufanana na la gereji wala la fundi. Akaacha hapo hapo, hakuweka PIN. Akaomba namba ya Till ya biashara, akalipa 40,000, na iliyobaki akalipa wiki tatu baadaye, baada ya kuliendesha gari hadi Kilifi na kurudi. Wiki hizo tatu floti aliifuata kwa bodaboda. Aliuliza pia kama bei ni ya kuacha betri kuukuu au kuondoka nayo, kwa sababu bei hizo hazilingani. Ujumbe wa muamala unathibitisha umelipa, lakini hausemi umelipia nini. Alidai karatasi yenye namba ya chesisi, namba ya betri na tarehe ya mwisho wa dhamana, akaipiga picha.

Na kama wewe umeamua kununua jingine, tafuta kwanza rekodi ya gari NTSA kupitia eCitizen, uone mwenye gari ni nani na kama benki ina haki juu yake, kabla hujatuma hata shilingi. Pesa ya "kukushikilia gari" kwa picha ya Facebook, usitume. Kumbuka pia kikomo cha muamala mmoja ni 250,000, kwa hiyo bei ya gari zima ni afadhali ipite benki.

Januari binti alilipiwa karo kwa wakati. Magunia ya unga sasa yanakaa kwenye buti, na yasipotosha, mama anafanya safari mbili.