Nakuru Haikosi wa Kukopesha, Inakosa Anayelipa kwa Wakati

Rongai, kilomita 30 hivi magharibi mwa Nakuru, ni mji mdogo ambao wasafiri wa Eldoret huupita bila kuutazama mara mbili. Lakini hapo ndipo familia ya Peter Mukuha Kago ilipofungua, mwaka 1990, duka ambalo leo ni Naivas. Tuskys nayo chimbuko lake ni Rongai. Nakumatt ilianza kama duka la magodoro mjini Nakuru, na jina lake lilitokana na jina la mji huo pamoja na neno la Kiingereza la godoro. Kaunti moja ilizaa maduka makubwa matatu yaliyowafundisha Wakenya kununua unga na sabuni huku wakisukuma kigari.

Maduka haya yalipokua yaliwabeba wadogo wengi mgongoni: mwenye kutengeneza maziwa lala, mwenye kupakia asali, mwoka mikate, mkulima wa nyanya. Mawili kati yake yalipoanguka yakaanguka nao. Wadai wa Nakumatt walipiga kura ya kuifunga Januari 2020, na mwaka huo huo Tuskys ikaanza kufunga tawi moja baada ya jingine huku wauzaji wa bidhaa wakisubiri malipo yao. Mtu aliyepeleka katoni 200 za mtindi na hakulipwa hakuhitaji semina ya ujasiriamali wala mkopo mwingine. Alihitaji kulipwa.

Nalitaja hili mapema kwa sababu sekta ya kusaidia biashara ndogo nchini imejengwa juu ya dhana nyingine, kwamba mdogo anakwama kwa sababu hana mtaji na hana ujuzi. Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) wa mwaka 2016 ulihesabu biashara ndogo na za kati milioni 7.4 nchini, zaidi ya milioni 5.8 kati yake zikiwa hazina leseni, na zote kwa jumla zikiajiri watu milioni 14.9. Katika miaka mitano hadi wakati huo, biashara milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa, na asilimia 46 ya hizo hazikumaliza mwaka wa kwanza. Sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa kuishiwa na pesa za kuendesha kazi. Wengi husoma jibu hilo na kusema, basi tuongeze mikopo. Mimi baada ya miaka ya kuzunguka kati ya Naivasha, Molo na Njoro, nalisoma tofauti: mara nyingi pesa zenyewe zipo, ila zimekaa mfukoni mwa mnunuzi.

Nakuru si mgeni katika mambo haya. Chama cha Wakulima cha Kenya, KFA, kilichoanzishwa mwaka 1923, kilifanya makao yake hapa, na hadi leo mzunguko wa barabara kuu unaitwa kwa jina lake. Kilikuwa chombo cha walowezi, na Mwafrika alikijua kwa kubeba magunia yake. Hata hivyo utaratibu wake unafaa kuangaliwa. Mkulima alipata mbegu na mbolea kwa mkopo, na chama hicho hicho kikashughulikia mahindi yake sokoni. Aliyekopesha alijua mavuno yanakwenda wapi na yatalipwa lini. Baada ya uhuru Waafrika wakaingia, lakini mwaka 1984 chama kikavunjwa na kugeuzwa muungano wa wakulima wa nafaka, KGGCU. Jina la zamani lilirudi katika miaka ya tisini. Nguvu ya zamani haikurudi.

Tangu uhuru taasisi nyingine zilizaliwa kwa mfululizo, na kila moja ilichukua kipande kimoja cha kazi ile ya KFA. Kenya Industrial Estates ya mwaka 1967 ilijenga karakana na kukopesha mitambo. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, mwaka 1972, iliishawishi dunia kwamba fundi wa chini ya mti ni sehemu ya uchumi, si aibu ya kufichwa. Mwaka 1981 ikaja Kenya Women Finance Trust, mwaka 1984 K-Rep, na miaka ya tisini Faulu, zote zikikopesha vikundi ambavyo wanachama wake hudhaminiana. Serikali ikaleta Hazina ya Vijana mwaka 2006, Hazina ya Wanawake mwaka 2007 na Uwezo mwaka 2013. Sheria ya Biashara Ndogo ya mwaka 2012 ikaunda mamlaka ya kuzisimamia, MSEA. Haya yote yalitokea huku viwanda vikubwa vya Nakuru vikizidi kupungua: pareto ilidhoofika, na kiwanda cha betri cha Eveready kilifungwa mwaka 2014. Aliyetoka kiwandani alifungua kibanda.

Kisha ikaja Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa na Rais William Ruto tarehe 30 Novemba 2022. Tuipigie hesabu, maana inastahili. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka. Anayekopa shilingi 500 kwa siku 14 analipa riba ya shilingi moja na nusu hivi. M-Shwari, huduma ya mikopo kwa simu, ilipoanza mwaka 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, yaani shilingi 37.50 kwa zile 500. Kwa bei ya pesa, hii ni nafuu kubwa, na mama mboga wa Kaptembwo, mtaa wa mjini Nakuru, aliyezoea kukopa kwa simu anaijua tofauti hiyo. Ila asilimia 5 ya mkopo huwekwa akiba, kwa hiyo mkononi zinafika 475. Kwa 475 utanunua nyanya za leo. Huwezi kununua meza ya kuziuzia, wala huwezi kungoja siku tatu bei ipande. Mkopo wa siku 14 unamfaa mtu ambaye mnunuzi wake analipa papo hapo. Fundi anayesubiri malipo ya miezi sita haumsaidii, hata ungekuwa bure.

Linalofanya kazi vizuri zaidi katika Bonde la Ufa la kati ni maziwa. Mwaka 2008 Heifer International na washirika wake, kwa ufadhili wa wakfu wa Gates, walianza mradi wa maziwa wa Afrika Mashariki uliojenga vituo vya kupozea maziwa vinavyomilikiwa na wakulima wenyewe, Kenya, Uganda na Rwanda. Kituo kinapokea maziwa asubuhi, na kando yake pana duka la chakula cha mifugo, mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa sindano, na mara nyingi Sacco, yaani ushirika wa akiba na mikopo. Mkulima anachukua gunia la chakula bila kutoa hata shilingi, na gharama inakatwa kwenye hundi yake ya mwisho wa mwezi. Wenyewe huyaita makato. Hakuna anayepeleka hati ya shamba, na hakuna anayekimbizwa na wakala wa mnada. Dhamana ni mtungi wa kesho. Juhudi Kilimo, iliyochipuka kutoka K-Rep, ilielewa jambo hili kwa namna yake: humkopesha mkulima ng'ombe mwenyewe, akiwa na bima, badala ya kumpa pesa taslimu. Mkopo unakamuliwa kila asubuhi.

Siri ya makato haiko katika ukali wa mkopeshaji. Iko katika mnunuzi anayelipa tarehe inayojulikana. Kituo kikichelewesha malipo miezi miwili, wakulima huanza kuuza maziwa usiku kwa wachuuzi wa pikipiki, Sacco inakosa makato, na jengo zima linatikisika. Nimeliona hilo likitokea, na halikuhitaji ukame wala vita.

Ukitaka kuona chombo kinachojua tarehe, nenda kwenye chama cha akiba cha akina mama. Alhamisi moja, saa tisa alasiri, niliketi na wanawake 22 katika chumba cha mabati huko Kaptembwo. Katikati palikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zilikuwa kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Aliyechelewa kwa dakika kumi alitoa faini ya shilingi 50 bila kubishana. Kila mmoja alinunua hisa zake, akagongewa muhuri kitabuni, pesa zikahesabiwa kwa sauti mara mbili. Halafu ikaja zamu ya kukopa. Mama mmoja aliomba 20,000.

"Ni za nini, mama?" akauliza mwenyekiti.

"Za chuma cha mzee wangu. Amepata kazi ya madawati."

"Na wa kwanza wamemlipa?"

Kimya. Kisha mama akasema, "Bado." Walijadiliana karibu nusu saa, wakampa 12,000. Riba yao ni asilimia 10 kwa mwezi, inayotisha ukiisikia kwa mara ya kwanza, lakini hurudi kwao wenyewe wanapogawana Desemba. Mtindo huu wa sanduku CARE iliuanzisha Niger mwaka 1991, na umesambaa katika Bonde la Ufa kupitia makanisa na mashirika mengi. Nimehudhuria vikao vya kamati za mikopo katika ofisi zenye viyoyozi, na swali lile la mwenyekiti sikulisikia. Huko huulizwa dhamana, mapato ya mwaka, na kama umeorodheshwa na CRB, ofisi ya kumbukumbu za wakopaji. Wanawake wa Kaptembwo waliuliza kama mnunuzi analipa.

Mzee mwenyewe nilimkuta wiki iliyofuata kwenye karakana yake ya kando ya barabara, miwani ya kuchomelea ikiwa imepandishwa hadi kwenye paji la uso. Ni fundi wa miaka zaidi ya ishirini. Alipitia ghasia za baada ya uchaguzi za mwanzo wa 2008, akapitia mwaka 2021 Nakuru ilipofungwa pamoja na Nairobi na kaunti nyingine tatu kwa sababu ya korona, akapitia miezi ile ya 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Alinionyesha faili ya plastiki. Ndani mlikuwa na LPO, hati ya kuagiza bidhaa, ya madawati 60 kutoka taasisi moja ya umma, hati ya kupokea mzigo iliyotiwa sahihi, na barua nne za kukumbushia. Mzigo ulipokelewa Januari. Sasa ilikuwa Agosti.

Kazi ile aliipata kupitia mpango wa AGPO, ulioanzishwa mwaka 2013 ili asilimia 30 ya zabuni za serikali ziende kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kampuni imeandikishwa kwa jina la binti yake. AGPO ni mpango mzuri, na nautetea popote. Lakini madeni ambayo kaunti za Kenya hazijalipa yamefika zaidi ya shilingi bilioni 170, na mwenye biashara ya milioni hana mahali pa kujishikiza katika foleni ya namna hiyo. Kampuni kubwa husubiri kwa kukopa benki. Mdogo husubiri kwa kuuza mashine. Miswada ya kulazimisha malipo ya haraka imewahi kufika bungeni, na ningependa kila shirika lenye neno "wajasiriamali" katika jina lake liipiganie kwa bidii ile ile linayopigania wafadhili.

Wafadhili wenyewe hawadumu. Ufadhili wa Marekani kupitia USAID ulisimamishwa Januari 2025, na shirika likafunga shughuli zake rasmi Julai 1 mwaka huo. Miradi ya kilimo na maziwa iliyotegemea pesa hizo ilijikuta bila mafuta ya gari. Vituo vilivyobaki vimesimama ni vile ambavyo wenyeji walinunua hisa.

Kuna taasisi moja ambayo sijawahi kuiona katika orodha ya wasaidizi wa biashara ndogo, nami ningeiweka karibu na juu. Mamlaka ya Ushindani, CAK, ilipokea malalamiko ya mtengenezaji wa mtindi, Orchards Limited, dhidi ya Majid Al Futtaim, kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour nchini. Mwaka 2020 iliamua kwamba mnunuzi alitumia vibaya nguvu zake kwa kumkata muuzaji punguzo na kumrudishia bidhaa, ikaamuru mikataba ibadilishwe. Mwaka 2021 Mahakama ya Ushindani ikaunga mkono uamuzi huo. Kesi moja ya mtindi ilimfikia kila mwenye kupeleka bidhaa kwenye rafu. Kanuni nyingine hazijapata mtetezi kama huyo. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilitaka gunia lisizidi kilo 50, na huko Molo na Kuresoi bado utaliona gunia lililoshonewa nyongeza juu, lile Watanzania huliita lumbesa. Kanuni bila mtu wa kusimama na mzani shambani ni karatasi tu. Ningefurahi kuona shirika moja likiajiri watu wa mizani badala ya wakufunzi.

Nilikuwa bado kwenye karakana wakati kijana mmoja alipoingia na LPO mpya, makabati 30 ya shule. Fundi alijifuta mikono, akaisoma karatasi hadi chini, akageuza nyuma kuona kama kuna kitu. "Kijana wangu," alimwambia, "chuma nilicho nacho hapa ni cha wanawake wa Alhamisi. Waambie wakuu wako walete nusu kwanza." Kijana alisema ataenda kuuliza. Fundi akaishusha miwani, akarudi kwenye lango la nyumba ambalo mteja wake alikuwa ameahidi kulichukua jioni ile, na pesa mkononi.