Mpango wa Utayarishaji kama Tendo la Usimulizi katika Filamu Fupi ya Tamthiliya ya Mwanafunzi

Ikisiri

Makala hii inafafanua uhusiano uliopo kati ya mpango wa utayarishaji wa filamu fupi ya tamthiliya inayoandaliwa na mwanafunzi na mkabala wa usimulizi unaotumika katika filamu hiyo. Kwa kutumia kisa kielelezo cha mirathi ya ngalawa katika pwani ya Dar es Salaam, inaelezwa kwamba uamuzi kuhusu nani anaona, nani anasikia na nani anapeleka habari ndio unaopaswa kutangulia ratiba na bajeti. Mpango unaoandaliwa bila uamuzi huo hupunguza kisa. Unaotokana nao hukikamilisha.

1.0 Utangulizi

Katika mafunzo ya filamu, mpango wa utayarishaji na usimulizi hufundishwa mara nyingi kama mambo mawili yanayojitegemea. Usimulizi huhesabiwa kuwa kazi ya mwandishi wa muswada, ilhali mpango huachiwa mtayarishaji anayehesabu siku, nauli, chakula na vifaa. Mgawanyo huo una madhara makubwa zaidi kwa mwanafunzi kuliko kwa kampuni, kwa kuwa mwanafunzi hana fedha za kurudia alichokosea. Siku zinapomwishia, hufuta maonyesho ambayo ni magumu kupigwa picha. Maonyesho hayo aghalabu ndiyo yanayobeba mgogoro. Kinachobaki huunganishwa kwa sauti ya msimulizi iliyoongezwa wakati wa uhariri, nayo humweleza mtazamaji yale aliyopaswa kuyaona.

Hoja ya makala hii ni kwamba mpango wenyewe ni tendo la usimulizi. Riwaya inaweza kuvuka miaka 10 kwa sentensi moja. Filamu huhitaji mwigizaji, mahali, mwanga na sauti kwa kila hatua ya safari hiyo. Riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute (1999), ilipofanywa filamu na mwongozaji Amil Shivji mwaka 2021, Zanzibar ya miaka ya 1950 ilibidi ijengwe upya mbele ya kamera: mitaa, mavazi na nyuso za watu. Kwa hiyo, kuchagua kitakachoonekana ni kuchagua pia kitakachogharimiwa.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Naratolojia, istilahi iliyoanzishwa na Tzvetan Todorov mwaka 1969, inatoa zana muhimu kwa mjadala huu. Gérard Genette (1972) alitenganisha maswali mawili yaliyokuwa yakichanganywa: nani anasema, na nani anaona. Katika filamu, swali la pili lina uzito wa pekee, kwani kila picha hupigwa kutoka mahali fulani, na mahali hapo humpa mtazamaji maarifa au humnyima. Aidha, filamu ina masikio pamoja na macho. Mhusika anaweza kusikia asichokiona, na pengo lililopo kati ya hayo mawili huzaa taharuki. Kwa mwanafunzi, pengo hilo lina faida nyingine: kinachosikika bila kuonekana hakihitaji kupigwa picha.

3.0 Kisa Kielelezo: Ngalawa ya Mirathi

Chukulia mfano wa mwanafunzi anayekusudia kutengeneza filamu ya dakika 15, kwa siku 4 za kupiga picha, kuhusu mjane wa mvuvi huko Kunduchi. Marehemu ameacha mke, binti mmoja wa miaka 10, kaka mmoja wa baba na mama mmoja, na ngalawa. Hakuacha wazazi, babu wala ndugu wengine. Rasimu ya kwanza ina maonyesho 24 katika mahali 8: harusi, uvuvi wa usiku, dhoruba, kifo, mazishi, eda, ugomvi na mahakama. Kwa kanuni iliyozoeleka kwamba ukurasa mmoja wa muswada hukaribia dakika moja ya filamu, kila onyesho linapata wastani wa chini ya dakika moja. Dhoruba peke yake inaweza kumaliza bajeti yote, achilia mbali hatari yake kwa waigizaji.

Mtayarishaji wa kawaida angefuta dhoruba na mahakama, kisha akabakiza mengine. Mkabala unaopendekezwa hapa unaanza na swali tofauti: kisa hiki ni cha nani, naye yuko wapi kinapotokea? Mjane wa Kiislamu huketi eda miezi 4 na siku 10, na katika muda huo hatoki nyumbani pasipo dharura. Hivyo basi, mazungumzo ya kuuza ngalawa yanafanyika barazani, naye yuko ndani. Anasikia sauti lakini haoni nyuso. Binti yake ndiye anayekwenda na kurudi, akipeleka kahawa na kuleta habari: "Mama, ba' mdogo anasema ngalawa iuzwe." Mtoto anasimulia alichokielewa, na asichokielewa kinapotea njiani.

Kilichopotea ndicho kiini cha mgogoro. Kwa hukumu za mirathi ya Kiislamu, baada ya madeni na wasia, mke mwenye mtoto hupata thumni, yaani 1/8. Binti wa pekee hupata nusu. Na kaka wa marehemu, akiwa asaba, huchukua 3/8 zilizobaki. Shemeji, kwa hiyo, si mnyang'anyi. Ana haki yake. Ngalawa nayo haikatwi vipande. Zaidi ya hayo, mwenye fungu kubwa kuliko wote ni yule mtoto anayebeba sinia la kahawa, ambaye hakuna aliyemwuliza neno. Mtazamaji anapaswa kuligundua jambo hilo pamoja na mama, si kabla yake.

4.0 Kutoka Mkabala hadi Ratiba

Uamuzi huo mmoja unabadilisha mpango mzima. Maonyesho yanapungua hadi 9, na mahali pa kupigia picha panabaki pawili: nyumba na ufuko. Siku 3 zinatumika nyumbani, na siku 1 ufukoni kwa onyesho la mwisho, mjane anapomaliza eda na kwenda na binti yake kuikabili ngalawa na shemeji. Fedha zilizotengwa kwa dhoruba zinahamia kwenye kinasasauti kizuri, kwa kuwa sauti ya barazani sasa imekuwa sawa na mhusika. Kupita kwa muda hakuhitaji maelezo: wavu uliotundikwa uani unaonekana kwanza ukiwa umelowa, kisha mkavu, hatimaye umekunjwa.

Ratiba ya ufuko nayo inatii kisa na maumbile. Ikiwa ngalawa inapaswa kuonekana imekaa juu ya mchanga, mbali na maji, ni lazima maji yawe yamekupwa. Bahari hujaa na kupwa takribani mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50 kila siku. Mvua ikiahirisha kazi kwa siku mbili, maji yatakupwa saa moja na dakika 40 baadaye, jua likiwa limepanda, na mwanga wa asubuhi uliokusudiwa hautapatikana. Kwa sababu hiyo, jedwali la maji hutazamwa kabla ya kupanga tarehe, na siku ya akiba huwekwa palepale.

Mtoto anayeigiza anahitaji ridhaa ya wazazi, saa fupi za kazi na tarehe zisizogongana na masomo. Vilevile, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inadai kibali kabla ya filamu kutengenezwa, jambo linalolazimu muswada kukamilika mapema.

5.0 Nafasi ya Fanani

Inaweza kudaiwa kwamba sauti ya msimulizi ni urithi wa ngano, na kwamba kuikataa ni kuukataa utamaduni. Dai hilo lina ukweli wa nusu. Fanani wa ngano hasimulii hewani. Anaita paukwa naye anaitikiwa pakawa, na hadhira humrekebisha kadiri anavyoendelea. Sauti iliyobandikwa juu ya picha haina mwitikio huo. Katika kisa kielelezo, binti ndiye fanani na mama ndiye hadhira: mama huuliza, hutilia shaka na kumrudisha mtoto barazani akasikilize tena. Urithi wa ngano umehifadhiwa ndani ya tendo lenyewe.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba ufinyu wa nyenzo si lazima uwe adui wa usimulizi. Mwanafunzi anayepanga baada ya kuamua mtazamo wa kisa hupata filamu ndogo iliyo kamili. Anayepanga kabla ya uamuzi huo hubaki na vipande vya filamu kubwa. Kwa upande wa utahini, inapendekezwa kwamba ratiba na bajeti zisomwe sambamba na muswada, na mtahiniwa aulizwe kwa kila siku ya kazi: siku hii inamwonyesha nini mtazamaji, na inamficha nini?