Mheshimiwa akimpenda singo maza

Katika miji midogo kama Himo, Mombo au Mirerani, diwani hana pa kujificha. Akianza kupitia kila jioni kwenye genge la mama fulani anayelea watoto wake peke yake, haipiti wiki kabla stendi nzima haijajua. Hapo ndipo wapambe huja na ushauri wao: "Mheshimiwa, fanya kimya kimya mpaka uchaguzi upite." Mama naye huambiwa na mashoga zake avumilie, kwa kuwa mambo ya wakubwa hayatangazwi. Kwa jicho la sheria za Tanzania Bara, ushauri huo ni mbovu kwa wote wawili, na anayeumia zaidi ni mama.

Mapenzi yenyewe si kosa. Watu wazima wawili wasiofungwa na ndoa nyingine wako huru kupendana, awe mmoja ana cheo na mwingine anauza nyanya. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari, na haimbagui mwanamke kwa sababu amezaa kabla. Tatizo huanza pale cheo kinapoingia katikati ya hiari hiyo.

Chukua mkopo wa asilimia kumi. Kila halmashauri hutenga sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo uliingizwa katika sheria ya fedha za serikali za mitaa mwaka 2018, ukasitishwa 2023, kisha ukarejea 2024. Wanawake wanaolea watoto peke yao ni miongoni mwa wanaoutegemea sana. Diwani haandiki hundi, lakini ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na anakaa kwenye baraza linalopitisha bajeti ya halmashauri. Mama aliye kwenye foleni ya mkopo anapotongozwa na mtu huyo, atajiuliza kikundi chake kitapata nini akikataa. Swali hilo humkaba hata kama mheshimiwa hakutamka lolote.

Akilitamka, hayo si mapenzi tena. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kumpa mtu haki, ajira au upendeleo. Hiyo ndiyo rushwa ya ngono, na malalamiko yake hupelekwa TAKUKURU.

Uhusiano ukiwa wa kweli, dawa ya mgongano huu wa maslahi ni rahisi. Diwani atangaze kwamba ana uhusiano na mwanakikundi, kisha atoke kwenye kikao maombi ya kikundi hicho yanapojadiliwa. Wakifunga ndoa, mali za mke zitaingia kwenye tamko lake la mali na madeni, kwa kuwa sheria ya maadili ya viongozi wa umma ya 1995 inawahesabu pia mwenzi na watoto wadogo ambao hawajaoa wala kuolewa. Akificha, mkopo ambao kikundi kilistahili utaonekana wa upendeleo, na wanakikundi wenzake mama huyo wataponzwa na jambo wasilolijua.

Upande wa nyumbani, usiri una gharama kubwa zaidi. Wengi huamini kwamba mwanamke akiishi na mwanamume miaka miwili tayari ni mke. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa hakisemi hivyo moja kwa moja. Kinataka mambo mawili: wawe wameishi pamoja miaka 2 au zaidi, na wawe wamejulikana kwa watu kuwa ni mume na mke. Hapo mahakama hudhania kuwa wameoana, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Hata ikipingwa ikaanguka, mwanamke bado anaweza kuiomba mahakama matunzo yake na ya watoto waliowazaa pamoja.

Sasa mtazame mama aliyefichwa. Mheshimiwa huja usiku na kuondoka alfajiri. Kwenye sherehe za kata humtambulisha kama "dada yetu". Ikifika siku ya kesi, nani atasema aliwajua kama mke na mume? Majirani ambao umbea wao uliogopwa ndio wangekuwa mashahidi wake. Na kama mheshimiwa ana ndoa ya mke mmoja inayoendelea, dhana hiyo haitamsaidia hata kama mtaa mzima ungemwita mke, kwa sababu mwanamume huyo hana uwezo wa kisheria wa kuoa mwingine.

Posa ya wazi nayo humpa mama mashahidi. Ahadi ya ndoa ikivunjwa, aliyeumizwa anaweza kudai fidia mahakamani ndani ya mwaka mmoja. Ahadi iliyopelekwa na mshenga mbele ya wazee ina watu wa kuithibitisha, lakini ya kwenye simu hufutwa kwa kidole. Mahari si sharti la uhalali wa ndoa, kwa hiyo asikubali kuzungushwa miaka kwa kisingizio kwamba ng'ombe hawajatimia.

Watoto nao wana sehemu yao. Baba mzazi haachiliwi wajibu wake kwa sababu mama amepata mwenza, hata mwenza huyo akiwa kiongozi mwenye gari. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaendelea kumdai matunzo, na mama anaweza kuanzia kwa afisa ustawi wa jamii. Lakini mwanamume anayempokea mtoto asiye wake kuwa sehemu ya familia yake hujitwika wajibu pia: Sheria ya Ndoa inamtaka amtunze pale wazazi wenyewe wanaposhindwa. Diwani anayepiga picha za kampeni na watoto hao ajue kwamba picha hizo zinaweza kuwa ushahidi kuwa aliwapokea.

Kwa hiyo mama akiambiwa asubiri uchaguzi upite, aulize mambo matatu. Je, mwanamume huyu ana ndoa nyingine, na ni ya aina gani? Lini atatuma mshenga? Na yuko tayari kutoka kwenye kikao jina la kikundi changu likitajwa? Mheshimiwa anayeyajibu mbele ya watu anaweza kupoteza kura chache. Anayeyakwepa anamwomba mama abebe hasara yote peke yake, ilhali kura ni zake yeye.