Arusha hadi Loliondo: Safari ya Mama Mjamzito

Umbali hupimwa kwa kilomita, lakini kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa hupimwa kwa saa. Kutoka Arusha hadi Wasso, tarafa ya Loliondo, kwa mstari ulionyooka ni kilomita 190 hivi. Ndege ndogo huzimaliza kwa chini ya saa moja. Kwa gari, kupitia Mto wa Mbu na Ziwa Natron, ni zaidi ya kilomita 300. Ingawa kipande cha kilomita 49 kati ya Wasso na Sale kimewekwa lami, safari bado hula sehemu kubwa ya siku. Makorongo yakijaa maji, watu hulala njiani.

Ndiyo maana mwaka 1957 Dakta Michael Wood na wenzake wawili walianzisha Nairobi huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege. Mwaka 1983 Padre Pat Patten alianzisha huduma kama hiyo Arusha, kwa ajili ya vijiji vya Wamaasai.

Hata hivyo, akina mama, tusitegemee ndege peke yake. Viwanja vingi vya porini ni vya udongo na havina taa, kwa hiyo usiku ndege haitui. Hata mchana, lazima simu ipigwe, rubani aangalie hali ya hewa, mifugo iondolewe uwanjani, na mgonjwa afikishwe hapo. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufariki kwa muda wa saa mbili tu.

Kwa mama wa Soitsambu, karibu na mpaka wa Kenya, safari ya kwanza ni ya kwenda hospitali ya Wasso, iliyoanzishwa na Padre Herbert Watschinger, daktari kutoka Austria. Lakini kuna umbali mwingine usioandikwa kwenye ramani: kutoka kitandani hadi mlangoni mwa boma. Baba yuko malishoni au yuko mjini kwa kazi ya ulinzi. Mama mkwe asema, "Tungoje kidogo." Hakuna aliyeachiwa ruhusa ya kuuza mbuzi. Saa tatu zinapita, na hakuna hatua iliyopigwa.

Umbali huu twaweza kuupunguza sisi wenyewe:

1. Anza kliniki mapema. Mwulize mkunga kama hali yako yahitaji hospitali, na kama ni vema usogee karibu nayo kabla ya siku zako.

2. Kaa na mume wako mkubaliane mapema: akiwa mbali, nani aamue? Mama mkwe naye asikie makubaliano hayo.

3. Weka akiba ya safari, na mjue mwenye gari au pikipiki. Namba 115 ya mpango wa m-mama hupigwa bila malipo kuomba usafiri wa dharura.

4. Tafuta ndugu wawili walio tayari kutoa damu.

5. Usingoje ukiona damu, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, degedege, homa kali, au mtoto ameacha kucheza.

Yule Msamaria mwema hakumhurumia majeruhi kwa maneno tu. Alikuwa na punda wa kumbeba, na fedha ya kumlipa mwenye nyumba ya wageni. Sala ni yetu kila siku. Na punda na fedha tuviandae kabla ya usiku wa uchungu.