Azalia inayochanua tena na tena, na jivu la jikoni linaloiua

Kila Aprili, mashindano ya gofu ya Masters yakionyeshwa kwenye televisheni kutoka Augusta, jimbo la Georgia, macho ya wengi huacha mpira na kwenda kwenye maua. Nyuma ya wachezaji kuna vichaka vya rangi ya waridi, nyeupe na nyekundu, maua yamesongamana mpaka majani hayaonekani. Hiyo ndiyo azalia. Hata shimo la 13 la uwanja ule linaitwa Azalea.

Shida ya azalia ya kawaida ni moja tu: sherehe yake ni fupi. Inachanua wiki mbili tatu, basi. Miezi mingine yote inabaki kichaka cha kijani kilichokaa kimya pembeni ya nyumba. Mwenye nyumba akisafiri wiki hizo, amekosa hadi mwakani.

Ndiyo maana kusini mwa Marekani, kuanzia Texas hadi Carolina, vitalu vya miche na maduka makubwa ya vifaa vya nyumbani vimejaa azalia za aina nyingine. Ni fupi, hazipukutishi majani, zinachanua majira ya machipuko, zinapumzika kidogo, kisha zinachanua tena kuanzia kiangazi mpaka baridi inapokaribia. Wapo pia Watanzania, Wakenya na Wakongo waliohamia miji kama Houston na Atlanta, wakapata nyumba na kukuta vichaka hivi mlangoni, bila mtu wa kuwaambia vinatunzwaje. Hapo ndipo pesa inapopotea. Azalia haitunzwi kama mahindi, wala kama waridi.

Ilikotoka

Azalia ni ndugu wa karibu wa maua yanayoitwa rododendroni. Wataalamu huziweka zote kwenye jenasi moja, Rhododendron. Zile zisizopukutisha majani asili yake ni Asia Mashariki: Japani, China, Korea na Taiwan. Katika miaka ya 1840 zilipandwa nje kwenye bustani ya Magnolia karibu na Charleston, South Carolina, na kusini yote ikazipenda. Mji wa Wilmington, North Carolina, umekuwa na tamasha la azalia tangu 1948.

Hiyo ya kuchanua mara mbili ilianzia Louisiana. Mwenye kitalu mmoja, Robert Lee, anayejulikana zaidi kama Buddy Lee, katika miaka ya 1980 aliona miche iliyokuwa ikitoa maua kiangazi, wakati azalia nyingine zote zimeshamaliza. Ilikuwa na damu ya azalia ya Taiwan iitwayo Rhododendron oldhamii, ambayo kwa asili huchanua joto likiwa kali. Akaanza kuivusha na azalia za kawaida, kuchavusha kwa mkono, kupanda mbegu, kuchagua na kutupa, mwaka baada ya mwaka. Zilizofaulu ziliingia sokoni miaka ya 1990 kwa jina la Encore kupitia kitalu cha Flowerwood cha Alabama. Leo zipo aina zaidi ya 30. Kampuni nyingine nazo zikaja na zao, kama Bloom-A-Thon.

Siri yenyewe iko kwenye vitumba vya maua. Azalia ya kawaida hutengeneza vitumba kiangazi, ikavifunga kama mtu anayeweka akiba, ikavibeba wakati wote wa baridi na kuvifungua mwaka unaofuata. Hii ya kisasa haisubiri. Tawi likichipua baada ya maua ya kwanza, tawi hilohilo jipya linabeba maua mwaka uleule. Kwa hiyo hakuna tawi jipya, hakuna maua ya pili. Mengi katika utunzaji wake yanarudi kwenye jambo hilo.

Fupi ni fupi kiasi gani?

Dukani miche yote inalingana, kila mmoja uko kwenye ndoo ya plastiki, kimo cha goti. Lakini Autumn Bonfire, yenye maua mekundu, ikikomaa hubaki karibu mita moja, wakati Autumn Royalty ya zambarau inaweza kufika mita moja na nusu. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu anayepanda chini ya dirisha. Kibandiko kwenye ndoo kinaandika kimo na upana wa mmea mzima, na ni vizuri kukisoma kabla ya kutoa pesa, kwa sababu kukata kichaka kila mwaka ili kitoshee chini ya dirisha ni kukata maua yenyewe.

Jivu, chokaa na majani ya njano

Sasa kwenye kiini cha mambo: udongo.

Azalia inataka udongo wenye tindikali, pH kati ya 4.5 na 6. Anayetaka kuuelewa udongo huo akumbuke mashamba ya chai ya Kericho, Limuru, Mufindi au Rungwe. Chai nayo inataka tindikali ya namna hiyo. Mahali chai inaponawiri, azalia haitalalamika.

Katika udongo huo mizizi hupata madini ya chuma kwa urahisi. Tindikali ikipungua, chuma kinabaki palepale ardhini lakini kimejifunga, mmea haukipati. Dalili yake haijifichi: majani machanga yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani, kama ramani ya mito. Mwenye bustani akiona hivyo hudhani mmea una njaa, anaongeza mbolea, na hali inazidi kuwa mbaya.

Na kuna kosa moja ambalo mtu aliyekulia Afrika Mashariki anaweza kulifanya kwa nia njema kabisa. Nyumbani jivu la jikoni ni dawa. Linamwagwa kwenye mboga, kwenye migomba, linafukuza wadudu, linarutubisha. Lakini jivu hufanya kazi kama chokaa, linaua tindikali. Makopo machache ya jivu la nyama choma yakimwagwa chini ya azalia kila mwezi, kichaka kinaanza kunjanoka taratibu na mwenyewe haelewi alikosea wapi.

Chokaa pia huja kwa njia nyingine. Nyasi za uani nyingi hunyunyiziwa chokaa, na mvua huisogeza. Msingi wa saruji wa nyumba huchuja chokaa kidogokidogo miaka yote, na azalia hupenda kupandwa hapohapo ukutani. Kuipa nafasi ya mita moja hivi kutoka ukutani kunasaidia, na kunaipa upepo pia.

Njia ya uhakika ni kupima. Katika wilaya nyingi za Marekani ipo ofisi ya ugani inayoshirikiana na chuo kikuu cha jimbo, na hupokea kifuko cha udongo kwa ada ndogo na kurudisha majibu yenye pH na ushauri. Majibu yakionyesha tindikali haitoshi, hutumika salfa ya kilimo, kwa kipimo walichoandika wao. Salfa haifanyi kazi kesho. Huchukua miezi, kwa hiyo ni bora iwekwe mapema kabla ya kupanda. Siki na mashapo ya kahawa, ambayo watu hutumiana sana kwenye WhatsApp, si tiba ya kutegemewa. Siki hushusha pH kwa muda mfupi tu, na mashapo ya kahawa iliyokwisha kuchujwa yamebaki na tindikali kidogo sana.

Kupanda: kina kidogo, upana mkubwa

Mizizi ya azalia ni myembamba kama nywele na inakaa juujuu, haiendi chini kutafuta maji. Kuifukia kwa kina ni kuinyima hewa. Shimo linatakiwa liwe pana mara mbili au tatu ya ndoo, lakini kina kisizidi kimo cha udongo wa mche. Mche ukikaa, sehemu ya juu ya udongo wake ibaki imeinuka sentimita mbili hadi tano juu ya ardhi. Kwenye udongo mfinyanzi mwekundu kama wa Georgia, ambao mvua ikinyesha unashika maji kama bakuli, ni afadhali kujenga tuta na kupanda juu yake. Mizizi ikikaa kwenye maji, kuvu wa kuozesha mizizi huingia, na hapo hakuna dawa ya maana.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawaambiwi. Miche ya dukani imekuzwa kwenye mchanganyiko wa magome na peti, na mizizi imejizungusha ndani ya ndoo mpaka imefanya umbo la ndoo. Ikitolewa na kufukiwa hivyohivyo, inaendelea kuzunguka ndani ya umbo lilelile. Isitoshe, peti ikikauka sana inakataa maji: mwenye bustani anamwagilia, maji yanapita pembeni, udongo wa nje umelowa huku kitovu kikiwa kikavu. Dawa ni kuuloweka mche kwenye ndoo ya maji mpaka mapovu yaishe, kisha kuichana mizizi kwa vidole au kuikata kidogo kwa kisu pande tatu nne. Inaonekana ukatili, lakini ndivyo inavyopona.

Jua la asubuhi

Azalia za zamani zilizoea kivuli cha misonobari. Hizi zinazochanua tena zinataka jua zaidi, saa nne hadi sita kwa siku, na zuri kuliko yote ni la asubuhi, kisha kivuli mchana joto linapopanda. Zikiwekwa kwenye kivuli kizito zitaishi, majani yatapendeza, ila maua ya pili yatakuwa ya kuhesabu. Zikiwekwa kwenye jua kali kutwa nzima, zinawaita wadudu.

Chini yake huwekwa matandazo, sentimita tano hadi nane, ya magome au majani makavu ya msonobari. Yasigusane na shina. Kutifua kwa jembe chini ya azalia ni marufuku, kwani jembe linakata mizizi ile ya juu. Magugu yang'olewe kwa mkono. Maji ni ya kutosha mwaka mzima wa kwanza, hasa kiangazi, kwa sababu ukame wa Julai ndio unaofuta maua ya Septemba.

Mbolea ni ile iliyoandikwa kwamba ni ya mimea ipendayo tindikali, kidogo, baada ya maua ya kwanza kuisha. Baada ya Agosti hakuna tena. Mmea ukilishwa wakati huo unatoa matawi laini, na baridi ya kugandisha inayakuta bado mabichi.

Kupogoa kuna wakati mmoja tu: mara maua ya machipuko yanaponyauka. Anayengoja mpaka Julai au Agosti anakata vitumba vya awamu ya pili, halafu anarudi dukani kulalamika kwamba ameuziwa azalia ya uongo. Mwaka wa kwanza, hata kwa aliyefanya yote sawasawa, maua ya pili yanaweza kuwa machache. Mmea bado unajenga mizizi. Na kwa wanaoishi kaskazini zaidi, baridi ya mapema inaweza kuwahi na kuvichoma vitumba kabla havijafunguka.

Wadudu na magonjwa

Adui mkubwa ni mdudu mdogo mwenye mbawa zinazopitisha mwanga, kama kitambaa cha lesi. Hukaa chini ya jani na kufyonza. Juu ya jani hutokea vidoadoa vyeupe mpaka jani zima linakuwa la fedha, na ukiligeuza unaona madoa meusi ya kinyesi chake. Wakigunduliwa mapema, maji ya mpira yenye nguvu yakipigwa chini ya majani yanawapunguza, na sabuni ya kuua wadudu inamalizia. Majani yaliyovimba na kuwa mazito kama nyama ni ugonjwa wa kuvu. Hukatwa na kutupwa kabla hayajageuka meupe. Majani machache ya ndani yakinjanoka na kuanguka msimu wa baridi unapokaribia, hilo si ugonjwa. Hata mmea usiopukutisha hubadilisha nguo.

Mbuzi, mbwa na watoto

Kibandiko cha dukani hakisemi hili kwa herufi kubwa: azalia ni sumu. Majani, maua, hata nekta yake vina kemikali ziitwazo grayanotoksini, ambazo huvuruga moyo na mishipa ya fahamu. Mwandishi wa Kigiriki Xenophon alieleza jinsi askari waliokuwa wakirudi nyumbani, kando ya Bahari Nyeusi, walivyokula asali wakatapika na kushindwa kusimama kwa siku kadhaa. Wataalamu wanaihusisha asali hiyo na rododendroni za eneo hilo. Asali ya aina hiyo bado inarinwa Uturuki mpaka leo.

Kwa familia inayofuga mbuzi wachache nyuma ya nyumba, hili ni jambo la kufa na kupona. Mbuzi hula majani ya azalia bila kusita, hasa majira ya baridi wakati kijani kingine hakuna, na kiasi kidogo kinatosha kumfanya atokwe na povu, atapike na kufa. Matawi yaliyopogolewa yasitupwe karibu na zizi. Mbwa na paka nao huathirika, na mtoto anayetia kila kitu mdomoni asiachwe peke yake kichakani. Marekani, mtu akimeza, namba ya bure ya kituo cha sumu ni 1-800-222-1222, saa 24, na wanaweza kupata mkalimani kwa asiyejua Kiingereza.